Acheni Kuirundikia Mashine Pepe RAM

Ujumbe ni uleule, anayetuma ndiye hubadilika: "Bosi, laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Nimeipa VirtualBox GB 6 na viini vyote vinne, bado Ubuntu inatambaa. Ninunue mashine mpya?" Usinunue. VirtualBox hutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yako, na humo ndimo inamoishi Ubuntu, mfumo wa Linux. Kama hela inakuwasha mfukoni na laptopu bado ina diski ile ya kuzunguka, nunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Mafundi wa kuifunga wamejaa Kampala.

Tupige hesabu. Windows ikishawaka tu, hata kivinjari hujafungua, inakula GB 3 hivi. Wewe umempa mgeni (mashine pepe; mwenyeji ni Windows) 6. Tatu na sita ni tisa, nawe una nane. Windows inaanza kumwaga kumbukumbu yake kwenye diski, diski ileile inayobeba faili la mgeni, kisha wote wawili wanagombania mlango mmoja. Ndiyo maana ukiongeza kutoka 4 hadi 6 mambo yanazidi kuharibika. Mpe 2. Ikibidi sana, 3.

Na hivyo "viini vinne" vya prosesa navyo! Laptopu za mtumba zilizotapakaa hosteli za Wandegeya na Kikoni nyingi ni za kizazi cha Intel i5-6300U. Prosesa hiyo ina viini viwili, kila kimoja kikiendesha nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi. Windows inakuonyesha nne, nawe unazigawa zote kana kwamba mwenyeji hana kazi nyingine. Mpe mgeni viwili, na ukiona laptopu inakwama hata kusogeza kipanya, rudisha kimoja. VirtualBox yenyewe hupaka rangi ya tahadhari kwenye kile kitelezi, lakini nani anasoma rangi.

GB 2 zinatosha kwa sababu hutaweka Ubuntu yenye madirisha na mapambo. Weka Ubuntu Server, ya kuandika amri tu. ISO (faili la kusakinishia) ya toleo la 24.04 ya Desktop ni karibu GB 6, ya Server ni kama nusu yake, na kwa bando letu, lenye ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, tofauti hiyo unaihisi. Kihariri chako, VS Code au kingine, kinabaki Windows na kinaingia kwa mgeni kupitia SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine.

VirtualBox ikikuonyesha mifumo ya biti 32 pekee, ingia BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka, uwashe VT-x, uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe. Kitufe cha kuingia kwenye HP ni F10, ThinkPad ni F1. Tuendelee.

Angalia chini kulia mwa dirisha la mashine pepe. Ukiona kobe wa kijani, maana yake Hyper-V, mtambo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, imeishika VT-x kabla, na VirtualBox inapanda juu ya mgongo wake. Mara nyingi chanzo ni WSL 2, ile Linux ya ndani ya Windows, au ulinzi unaoitwa Memory Integrity, ambao Windows 11 mpya huja nao umewashwa. Ukiuzima na kobe akaondoka, kasi inarudi, lakini umejivua kinga dhidi ya programu mbaya zinazolenga kaneli, moyo wa Windows. Ushauri huu sina raha nao. Kwa laptopu inayochomekwa flashi za kila mtu, ningemwacha kobe aishi. Na kama WSL 2 unayo tayari na inakutosha, huenda hii mashine pepe huihitaji kabisa. Mimi bado naipenda kwa sababu inafanana na seva nitakayokodi baadaye, kuanzia systemd inayowasha huduma hadi ngome ya mtandao.

Sasa kinachonichosha hasa: folda ya pamoja. Kila mwongozo unaifundisha. Unaacha mradi wako kwenye `C:\`, unaushiriki kwa mgeni, unauona kwenye `/media/sf_mradi`, unafurahi. Halafu unaandika `npm install`, amri ya kuleta maktaba za JavaScript. Kuna maelfu ya faili vidogo, na kila kimoja kinavuka kutoka Linux kwenda Windows na kurudi. Hata ukimpa mgeni GB 60 haitasaidia, foleni haiko kwenye RAM. Mara npm inalalamika kwamba haiwezi kuunda viungo (njia za mkato za faili), kwa kuwa VirtualBox huvizuia kwenye folda ya pamoja. Unahariri faili upande wa Windows, seva yako ya majaribio haijisomi upya, kwa sababu taarifa ya badiliko haimfikii mgeni. Unapiga `chmod`, amri ya kubadili ruhusa za faili, hakuna kinachobadilika. Hifadhidata ya PostgreSQL ukiiwekea data humo inagoma kuwaka, ruhusa za folda hiyo haizikubali. Na baya kuliko yote ni lile lisilolia: `Mteja.js` na `mteja.js` kwa Windows ni kitu kimoja, kwa hiyo kosa la herufi kubwa linapita kimya hadi siku unapopeleka kazi kwenye seva ya kweli, mteja akiwa kwenye simu.

Msimbo wako ukae ndani ya mgeni, kwenye `/home`. Folda ya pamoja iachie picha na PDF. Kwenye NAT, mtandao wa kawaida wa VirtualBox, fungua njia ya bandari 2222 ya mwenyeji kwenda 22 ya mgeni, kisha `ssh -p 2222 jina@127.0.0.1`. Kwa Django, zana ya tovuti za Python, ongeza 8000 kwenda 8000, na uiwashe kwa `runserver 0.0.0.0:8000`. Ukiandika `runserver` peke yake, inasikiliza ndani ya mgeni tu. Kivinjari cha Windows kitakwambia muunganisho umekatwa, nawe utaanza tena kuongeza RAM.