Je, wajua miaka 2 ya mwalimu mmoja wa hisabati iliwafikishaje wasichana wawili kwenye shahada ya uzamivu?

Mwaka 1950 Evelyn Boyd Granville alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, Marekani. Mwaka uliotangulia alikuwa amehitimu uzamivu Yale, akawa mwanamke Mweusi wa pili nchini humo kuupata katika hisabati. Fisk alikaa miaka 2 tu. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Vivienne Malone-Mayes, aliyeingia chuoni akiwa na nia ya kusomea utabibu, na Etta Falconer. Wote wawili walifika kwenye uzamivu: Vivienne mwaka 1966, Etta mwaka 1969.

Siamini kuwa ni bahati. Mwalimu mwingine, Lee Lorch, naye aliwahimiza sana, na haki yake apewe. Lakini Granville alikuwa na kitu ambacho Lorch hakuweza kuwapa: wasichana wale walimwona mwanamke Mweusi kama wao amesimama ubaoni, chaki mkononi, na hisabati ndiyo kazi yake. Vivienne mwenyewe alikiri baadaye kwamba kumwona kulimjenga.

Falconer aliibeba kazi hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 1965 alianza kufundisha Spelman, chuo cha wanawake Weusi kilichopo Atlanta, huku akiusomea uzamivu wake Emory. Alibobea katika kwasigrupu, yaani mifumo ya kukokotoa ambayo jedwali lake la majibu halirudii jibu katika safu yoyote. Ili uonje ladha yake, panga 0, 1 na 2 kwa duara kama namba za saa, kisha utoe: 0 − 1 inarudi nyuma hadi 2. Jaza jedwali la majibu yote. Kila safu, ya mlalo na ya wima, itabeba kila namba mara moja tu. Ila angalia mabano: (2 − 1) − 1 ni 0, lakini 2 − (1 − 1) ni 2. Inapendeza mno!

Hata hivyo, nguvu zake nyingi zilikwenda kwa wanafunzi. Mwaka 1987 alianzisha Spelman mpango wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa kuwaandaa wasichana kwa shahada za juu za sayansi.

Falconer alifariki mwaka 2002. Sasa kila mwaka mwanahisabati mwanamke hutoa mhadhara wenye jina lake. Granville, aliyeondoka duniani mwaka 2023 akiwa na miaka 99, aliishi kuona jina la mwanafunzi wake likipewa heshima hiyo.