Sinagogi la Kale: Tunayodhani na Yaliyofukuliwa

Mahujaji wetu wanaorudi kutoka Nchi Takatifu huja na picha ileile: wamesimama Kapernaumu katikati ya nguzo nyeupe, na chini wameandika kwamba humo ndimo Yesu alimofundisha. Mji ni wenyewe, jengo silo. Sinagogi lile la mawe ya chokaa ni la karne ya 4 au ya 5. Sarafu nyingi zilizokutwa chini ya sakafu ndizo zilizotoboa siri. Lakini limekalia kuta za mawe meusi ya volkano, na wengi wanaamini hizo ni za sinagogi la zamani zaidi. Ukienda, inama utazame msingini, pale mawe meupe yanapokutana na meusi.

Dhana kubwa kuliko hiyo ni kwamba masinagogi yalianza baada ya Warumi kubomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, kana kwamba yalikuwa mbadala wa Hekalu, mahali pa ibada na basi. Hapa nataka tutulie. Mwaka 1913 mwanaakiolojia Raymond Weill alikuwa akichimba Yerusalemu, kusini mwa eneo la Hekalu. Ndani ya kisima cha kale cha kuhifadhia maji akakuta jiwe lenye mistari 10 ya Kigiriki. Mwenye maneno ni Theodotos, kuhani na mkuu wa sinagogi, mwana wa mkuu wa sinagogi, mjukuu wa mkuu wa sinagogi. Anasema amejenga sinagogi ili Torati isomwe na amri zifundishwe, na pamoja nalo nyumba ya wageni, vyumba na mahali pa maji, kwa wahitaji watokao ugenini.

Hesabu vizazi: babu, baba, mwana. Wataalamu wengi wanaliweka jiwe hili kabla ya mwaka 70, kwa hiyo babu huyo alikuwa mkuu wa sinagogi Hekalu lingali limesimama. Kisha angalia kazi zilizotajwa: kusoma, kufundisha, kumpa mgeni maji na pa kulala. Sala haikutajwa, ingawa huko Misri maandishi ya karne ya 3 K.K. huita majengo ya namna hii nyumba za sala. Kule Gamla, mji ulioangushwa na Warumi mwaka 67, viti ni ngazi za mawe zinazozunguka kuta, hivyo watu walikaa wakitazamana, kama barazani. Mimi nikiziona ngazi hizo, nasikia watu wakijadiliana.

Je, Wayahudi walikataa kila aina ya picha, kwa ajili ya amri ya pili, ile inayokataza kujifanyia sanamu? Mwishoni mwa mwaka 1928, wanakijiji wa Hefzibah, karibu na Beit Alfa kaskazini mwa Israeli ya leo, walikuwa wakichimba mfereji wa kumwagilia mashamba, majembe yakagonga mozaiki, yaani picha ya vijiwe vya rangi. Mwanaakiolojia Eleazar Sukenik alipoifukua, katikati ya sakafu ya sinagogi la karne ya 6 palikuwa na duara la nyota 12 za falaki, na ndani yake jua lenye sura ya mtu, juu ya gari la farasi wanne! Karibu na mlango Abrahamu ameshika kisu, kondoo dume amefungwa mtini. Mafundi waliandika majina yao, Marianos na mwanawe Hanina. Na huko Dura-Europos, Syria, kuta za sinagogi zilizofukuliwa mwaka 1932 zimejaa picha za Biblia, Musa akitolewa mtoni miongoni mwake.

Mwisho, wanawake. Husemwa walikaa ghorofani, mbali na mambo ya uongozi. Hakuna magofu ya masinagogi ya kale yanayothibitisha ghorofa hiyo ya wanawake. Kinyume chake, liko jiwe la Smirna la mwanamke Myahudi, Rufina, mwenye cheo kilekile cha Theodotos: mkuu wa sinagogi. Aliwajengea kaburi watumwa aliowaacha huru na waliolelewa nyumbani kwake, akaonya kwamba atakayemzika mtu mwingine humo atalilipa taifa la Wayahudi dinari 1,000.