Mistari Imejaa, Intaneti Hakuna

"Mbona waifai imejaa na WhatsApp haiendi?" Naulizwa hivyo hapa Sinza karibu kila wiki, mara nyingi na mtu aliyekwisha kupanda juu ya kochi, simu mkononi, kama anayeangua embe.

Dhana kwamba ile mistari hupima intaneti ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Mistari inasema jambo moja tu: simu na ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, zinasikiana kiasi gani. Yaliyo ng'ambo ya ruta haiyajui. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikazorota nchini Tanzania. Sebuleni mistari ilibaki imejaa, na hata ungeizima na kuiwasha ruta mara 20, tatizo lilikuwa chini ya bahari.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu, tafuta kwanza kipande kilichokatika. Fungua ukurasa wa ruta yenyewe kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukifunguka, wewe na ruta hamna ugomvi. Kisha kwenye kompyuta fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ping 8.8.8.8, yaani unaipigia hodi sava ya Google. Majibu yakirudi lakini tovuti hazifunguki kwa majina, intaneti ipo. Kilichogoma ni DNS, daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa namba. Hapo jaribu kubadilisha DNS kwenye mipangilio.

"Bonyeza kile kitundu cha nyuma, itajirekebisha." Hapa naomba tusikilizane. Kuzima na kuwasha ni dawa halali: kumbukumbu ya ruta inasafishika, nayo inaomba muunganisho upya. Kitundu ni habari nyingine. Ukikishikilia kwa pini, ruta inarudi ilivyotoka kiwandani: jina la waifai, neno la siri, na kwa baadhi ya huduma hata akaunti aliyoiweka fundi, vyote vinafutika. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tabata alinipigia Ijumaa jioni.

"Shikamoo mwalimu. Umekibonyeza kwa muda gani?"

"Marahaba. Mpaka taa zote zikacheza, mwanangu."

Alikaa bila intaneti hadi Jumatatu.

Kasi, kwa ufupi: kifurushi cha Mbps 20 hakishushi megabaiti 20 kwa sekunde. Hizo ni megabiti, na biti 8 ndizo baiti 1, basi utapata megabaiti 2.5. Hujaibiwa.

Dhana ya gharama zaidi niliikuta kwenye duka la jumla Kariakoo: "Sava imekufa, tunanunua nyingine." Sava ni kompyuta kuu inayotunza bei, ambayo kompyuta za mauzo huiuliza. Nikaikuta inanguruma, mzima wa afya. Usiku ule umeme ulikatika, na uliporudi ruta ikagawa upya anwani, zile namba za kila kifaa kwenye mtandao. Sava, ambayo hakuna aliyeipangia anwani ya kudumu, ikapewa tofauti na ya jana. Ile yake ya zamani, 192.168.1.10, ikaangukia simu ya dada wa kaunta. Kompyuta zote za mauzo zilikuwa zinaiuliza simu yake bei ya sabuni, na simu haina habari na sabuni. Tulicheka sote, dada mwenyewe akiwa wa kwanza.

Niliitengea sava anwani yake ndani ya ruta, kazi ya dakika 5. Sehemu ndogo ya hela za sava mpya, mwenye duka akanunulia UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ya ruta na sava.