Picha zinazocheza kwenye saiti: unazidisha fremu, unakula bando la watu, na bado inaruka

Juzi nilikuwa narekebisha ukurasa wa mteja anayeuza kofia za kudarizi, pale juu kabisa kuna klipu ya sekunde 3, sindano ya cherehani inapanda na kushuka kwenye kitambaa cheupe, kitu kizuri kweli. Ila aliyeitengeneza mwanzo aliiweka kama GIF, yaani faili la picha tuli nyingi (kila moja ndo fremu) zinazopokezana harakaharaka, na mtu akifungua kwa simu anakaa anatazama boksi tupu huku MB zinaisha. Nikamuuliza mteja mbona nzito hivi, akaniambia aliambiwa ikiwa nyepesi haitakuwa laini. Hiyo imani nimeshakutana nayo mara nyingi mno na inawagharimu wanunuzi hela zao za bando, ndo maana naandika.

"Fremu zikiwa nyingi ndo inakuwa laini"

Hapana. GIF inahesabu muda wa kila fremu kwa mia ya sekunde, ukiandika 2 maana yake fremu inakaa 2/100 ya sekunde, sasa mtu anaona 1 ndo ndogo kuliko zote basi anaweka 1 akitegemea mwendo wa umeme, kumbe brauza nyingi zikikuta 0 au 1 zinaibadilisha kimyakimya kuwa 10. Ile klipu ya sindano ilikuwa hivyohivyo. Simu ilirekodi fremu 60 kwa sekunde kwa hiyo zikaingia fremu 180 zote, kila moja imepewa 1, brauza ikazicheza kwa 1/10 ya sekunde kila moja, na kazi ya sekunde 3 ikageuka ya sekunde 18, sindano inashuka kama inazama kwenye asali.

Halafu hata ungetaka fremu 60 kwa sekunde GIF haiwezi, namba ndogo inayoheshimiwa ni 2, yaani mwisho wake ni 50. Jicho linachotaka ni mapigo yaliyo sawa. Kutoka 60 mimi nachukua fremu moja kati ya kila 3 napata 20 kwa sekunde, naweka muda 5, jumla fremu 60 tu badala ya 180, na inaenda vizuri kwa sababu nafasi kati ya fremu na fremu haibadiliki. Ukilazimisha 25 kutoka 60 haigawanyiki sawasawa, mara inaruka fremu 1 mara 2, na utaona kamkwamo hata kama una fremu nyingi kunizidi. Na angalia pale mwisho unapokutana na mwanzo, mimi nakata sindano ikiwa juu kabisa na naanza tena ikiwa juu kabisa, mtu hajui klipu inaishia wapi.

"Punguza rangi tu, faili litashuka"

Hii ina ukweli nusu na nusu ndo inayoumiza watu. GIF ni ya mwaka 1987, ilitoka CompuServe, na kila fremu inabeba rangi 256 mwisho. Watu wanashusha mpaka 64 au 32, picha inatoka na mistarimistari kwenye vivuli, wanakimbilia kuwasha Dither ambayo inatawanya vidoti vya rangi mbili ili jicho lidhani ni rangi ya tatu. Sasa kumbuka GIF inabana kwa njia ya LZW, inasoma pikseli kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia ikitafuta mfuatano ilioshauona. Mstari wa kitambaa cheupe tupu inaumeza kwa alama chache tu, ila ukiutapakaza vidoti mfuatano unavunjika na kila kidoti kinahesabiwa. Kwa hiyo unaweza ukapunguza rangi na faili likanenepa, afu vidoti vyenyewe vikawa vinatetemeka fremu hadi fremu.

Kinachopunguza kweli ni pikseli zisizobadilika. Fremu ya GIF si lazima ibebe picha nzima, inaweza ikabeba kile kipande kilichobadilika tu na sehemu nyingine zote zikaachwa wazi, programu kama gifsicle inakufanyia hiyo kazi. Lakini kama ulirekodi simu ikiwa mkononi basi kila kitu kimesogea hata kama ni kidogo, hakuna cha kuachwa. Nilirudia kurekodi ile cherehani simu ikiwa kwenye stendi, na nikafunga mwanga usijirekebishe wenyewe, maana ule mwanga unaopanda na kushuka nao unabadilisha kila pikseli na wengi hawaushtukii.

"Nimeandika width ndogo kwenye kodi, imeshakuwa ndogo"

Imeonekana ndogo, simu imeshusha faili lilelile. Punguza picha yenyewe: 800 kwa 450 ni pikseli 360,000, wakati 400 kwa 225 ni 90,000, robo tu.

"Bila GIF haiwezi kujicheza yenyewe"

Zamani sawa, sasa hivi jamani hapana. Weka MP4, faili la video la kawaida, kwenye tagi ya video, ipe `autoplay loop muted playsinline` (ijicheze, ijirudie, bila sauti, palepale ukurasani) na inajicheza, iPhone zinakubali tangu iOS 10 ya mwaka 2016. Ukisahau `muted` simu nyingi zitagoma. Twitter (sasa X) wenyewe tangu 2014 ukiweka GIF wanaigeuza video, na sababu ni kwamba video ya H.264, mbinu ya kubana inayotumika sana kwenye MP4, haichori upya kilichosogea, inasema kipande hiki kimehama pikseli kadhaa kuelekea kule, basi. GIF haina lugha ya kusema hivyo.

Ila anza na video ya asili, usigeuze ile GIF, utakuwa unabeba vidoti vyake vyote. Na ile 225 ya urefu ffmpeg, programu ya kugeuza video, itaikataa kwa mpangilio wa kawaida wa rangi kwa sababu inataka namba shufwa, weka 224. Ondoa na sauti kabisa kwa `-an`, kuinyamazisha tu hakuitoi ndani ya faili.

Ukitaka picha isiyo na mandharinyuma ikae na kingo laini juu ya rangi yoyote, GIF haifai, pikseli yake ni ama ipo ama haipo, haina nusu-uwazi, ndo maana logo nyingi zina ukingo mweupe mbaya. Hapo tumia APNG au WebP, aina nyingine za faili za picha zinazocheza.

"Faili dogo, simu haitachoka"

Faili likifunguliwa, kila pikseli inachukua baiti 4. Fremu ya 800 kwa 450 ni MB 1.44, na simu ikizihifadhi fremu zote 60 hiyo ni MB 86 na ushee za memori kwa picha moja, weka tatu kwenye ukurasa uone simu ya RAM ndogo inavyoganda. Kama ni kitufe au logo inayozunguka tu wala usitengeneze picha, tumia CSS, ile kodi ya kupamba ukurasa, na uchezeshe `transform` na `opacity`, maana ukichezesha `left` au `width` brauza inapanga ukurasa upya kila fremu na ina milisekunde kama 16 tu za kumaliza kwenye skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde.

Kuna watu pia picha zinazocheza zinawapa kizunguzungu na wameshazima mijongeo kwenye simu zao, waheshimu kwa `prefers-reduced-motion`, sharti la CSS linaloangalia kama mtu amezima mijongeo, waoneshe picha tulivu. Picha hiyohiyo ndo naiweka kwenye `poster` ya tagi ya video, inatangulia wakati video inashuka. Kwa ile ya kofia nimetumia fremu ya kwanza kabisa, sindano iko juu, uzi umekaza, na video ikifika inaanza palepale.