Kabla ya Kuziba Ufa, Angalia Umepanuka Wapi

Kiangazi cha Januari na Februari ndicho huniletea simu nyingi kutoka South C na Embakasi, mitaa ya Nairobi. Swali ni lile lile: "Injinia, nyumba yangu inazama?"

Nyumba kuzama si tatizo lenyewe. Ukuta wa matofali ukishuka wote kwa pamoja, huenda usipate hata ufa mmoja. Kinachoumia ni mabomba yanayoingia ndani. Palacio de Bellas Artes, jumba la sanaa kule Mexico City, limetitia mita kadhaa na bado watu wanaingia kutazama maonyesho. Kinachopasua ukuta ni upande mmoja kushuka zaidi ya mwingine. Tofali hustahimili sana kukandamizwa, lakini likivutwa halina nguvu, na kiungo cha saruji ni dhaifu zaidi.

Mwaka 1956 wahandisi wawili, Skempton na MacDonald, walitoa kipimo ambacho wahandisi bado tunakirejea: tofauti ya kushuka kati ya sehemu mbili za jengo ikifikia 1 kwa 300 ya umbali kati yake, tarajia nyufa. Kwa mita 6 hiyo ni milimita 20 tu. Ukuta wa matofali unaobeba paa bila fremu ya zege huweza kupasuka mapema zaidi, hasa ncha zake zikishuka.

Ndiyo maana nikifika kwenye nyumba nauangalia ufa kuanzia juu hadi chini. Juzi South C niliukuta umeanzia kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali hadi karibu na paa. Juu sarafu iliingia bila shida, chini hata ukucha haukupita. Ufa uliopanuka juu namna hiyo huonyesha kwamba mwisho wa nyumba umeshuka. Ukipanuka chini, katikati ndiko kulikoshuka. Kingo safi za tofali ni dalili ya ufa mpya. Ukiona rangi au vumbi la zamani ndani, ufa huo umekuwepo muda.

Nairobi mhusika mara nyingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa na kuacha mianya ardhini. Chini ya sakafu unyevu hukaa, lakini kandokando ya nyumba jua hukausha, basi pembe zinashuka huku katikati kumebaki palepale. Masika yakija pembe huinuka tena na ufa hujifunga kidogo. Mkaratusi karibu na msingi huzidisha ukavu. Bomba linalovuja huvimbisha upande mmoja. Udongo mwekundu wa Kileleshwa ni mtulivu zaidi.

Inaniuma kuona fundi akiujaza ufa saruji ngumu wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha ukuta unataka kurudi, saruji inauzuia, na sasa matofali yenyewe yanapasuka. Majengo ya kale yaliyojengwa kwa chokaa huvumilia zaidi, kwa sababu chokaa hujinyoosha polepole.

Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila mwezi na uandike tarehe, kiangazi na masika. Wakati huo kagua mabomba, mifereji ya paa na shimo la choo. Asikushawishi mtu kuchimba msingi upya, kazi ya gharama kubwa, kabla hujawa na vipimo hivyo mkononi. Lakini ufa ukizidi milimita 15, au milango ikianza kukwama, usisubiri mwaka uishe, ita mhandisi.