Halijoto hasi si baridi

Halijoto haitwambii kitu kina joto kiasi gani ndani yake. Inatwambia vitu viwili vikigusana, joto litatoka wapi kwenda wapi. Korona, gesi inayolizunguka Jua, ina halijoto inayopita nyuzi milioni 1 za selsiasi. Lakini chembe zake ni chache mno, kwa hiyo joto lililomo ni dogo.

Kigeni zaidi ni halijoto hasi, na sisemi baridi ya kugandisha maji. Sifuri ya kelvini, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya selsiasi, ndiyo mwisho wa baridi. Hakuna anayepita hapo. Mwaka 1951 wanafizikia Edward Purcell na Robert Pound waliingia kwa mlango mwingine. Walikuwa na fuwele ya floridi ya lithiamu ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inavuta. Viini vya atomu zake ni kama visumaku vidogo: vilivyo vingi huufuata uga, penye nishati ndogo, vilivyobaki huupinga. Wakaugeuza uga ghafla, viini visiwahi kuufuata. Vile vingi vikajikuta penye nishati kubwa.

Kwa kawaida nishati ikiongezeka, vurugu ya chembe nayo huongezeka. Viini hivi vina dari: kilichokwisha kuupinga uga hakina pa kupanda tena. Ukizidi kuvipa nishati vinasongamana juu, na vurugu inapungua. Halijoto hupigiwa hesabu kutokana na uhusiano huo wa nishati na vurugu. Uhusiano ukigeuka, jibu linakuja na alama ya kutoa.

Basi ni baridi? La hasha. Viguse kitu chochote chenye halijoto chanya, hata cha mamilioni ya nyuzi, joto litatoka kwenye viini. (Fuwele yenyewe, wakati huo wote, ilikuwa na halijoto ya chumba tu.) Mwaka 2013 watafiti wa Munich walifikia halijoto hasi kwa atomu za potasiamu, safari hii katika mwendo wa atomu zenyewe.

Shimo jeusi, kitu cha angani chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, nalo lina kituko chake. Mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba lina halijoto, na kadiri lilivyo zito ndivyo lilivyo baridi. Lenye uzito wa Jua lina takriban kelvini 0.00000006, ilhali mnururisho uliojaa angani una 2.7. Kwa hiyo linapokea joto zaidi kuliko linavyotoa, na likipokea huzidi uzito, na likizidi uzito hupoa.