Akili mnemba ya kujaliza uwezo wa binadamu: maana yake

Katika matangazo ya nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu (shahada ya udaktari, PhD), hasa ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, siku hizi wanatafutwa watu wa kuchunguza akili mnemba (AI) "inayojaliza uwezo wa binadamu". Wengi husoma hapo "inayomsaidia binadamu" na kuendelea na safari. Lakini kusaidia na kujaliza ni mambo mawili: kujaliza ni kuziba pengo ambalo mwenzako hawezi kuliziba mwenyewe.

Tazama kinu na mchi. Kila kimoja kina umbo ambalo mwenzake hana, na mwenye michi miwili bila kinu hatwangi kitu. Huko ndiko kujalizana. Baadaye ikaja mashine ya kusaga, kinu kikasukumwa pembeni. Huko ni kuchukua nafasi. Programu ya kompyuta inaweza kuwa mchi au mashine ya kusaga, na jina lake halikwambii ni ipi.

Ndiyo maana watafiti wameweka kipimo kikali. Mtu na mashine huhesabiwa kuwa wanajalizana pale tu wanapofanya kazi vizuri kumshinda aliye bora kati yao akiwa peke yake. Tuseme daktari akisoma picha 100 anakosea 10, na mashine inakosea 8. Wakizisoma pamoja wakakosea 9, daktari atashukuru kwamba amesaidiwa, kumbe ingekuwa heri mashine iachiwe kazi. Wakikosea 4, hapo kuna kujalizana. Ili wafike huko, kwanza makosa yao yasiangukie picha zilezile. Pili, pawe na njia ya kujua asikilizwe nani kwenye picha ipi.

Sharti la pili ndilo linalowatoa watu jasho. Mwaka 2023 watafiti nchini Ujerumani walichapisha jaribio ambalo madaktari 27 wa radiolojia walisoma picha 50 za matiti, kila moja ikiwa na pendekezo walilodhani limetoka kwa akili mnemba. Pendekezo lilipokuwa sahihi, wote walifanya vizuri. Lilipokuwa na kosa, wale wasio na uzoefu walishuka kutoka takriban asilimia 80 ya majibu sahihi hadi 20. Hata wakongwe waliporomoka kutoka 82 hadi karibu 46. Macho yalikuwa yaleyale, ila yalikwisha kuambiwa la kuona.

Sweden walilitazama jambo hilo kwa upande wa mpangilio wa kazi. Kule, kwa utaratibu uliozoeleka, kila picha ya uchunguzi wa saratani ya matiti ilisomwa na madaktari wawili. Katika jaribio la wanawake zaidi ya 80,000, ambalo matokeo yake ya kwanza yalitoka 2023, mashine ilipewa kazi ya kukadiria hatari kwa alama 1 hadi 10. Picha zenye alama za chini zilisomwa na daktari mmoja, zenye alama za juu kabisa zikasomwa na wawili. Mzigo wa kusoma ulipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa zilikuwa 6.1 kwa kila wanawake 1,000, dhidi ya 5.1 kwa utaratibu wa zamani. Kwangu mimi somo liko kwenye mgawanyo: mashine ilielekeza macho ya watu yaende wapi, na ugonjwa ukaendelea kuamuliwa na daktari.

Mafanikio ya namna hiyo si ya kawaida. Uchambuzi wa majaribio 106 uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba, kwa wastani, mtu na mashine pamoja walishindwa na aliye bora kati yao. Hasara ilijitokeza zaidi kwenye kazi za kuamua. Kwenye kazi za kubuni, kama kuandika au kuchora, hali ilikuwa na nafuu.

Wazo lenyewe lina umri. J.C.R. Licklider, mwanasaikolojia na mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika juu ya ubia wa mtu na kompyuta mwaka 1960. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, naye, baada ya kushindwa na kompyuta iitwayo Deep Blue 1997, alirudi mwaka uliofuata na mchezo wa sataranji ambamo kila mchezaji anakaa na kompyuta yake. Mwaka 2005 shindano la aina hiyo lilichukuliwa na vijana wawili wa Marekani wasio na cheo kikubwa kwenye mchezo huo. Walijua tu kuzitumia kompyuta zao vizuri. (Leo programu za sataranji zimekuwa na nguvu kiasi kwamba mtu ana machache ya kuongeza. Kujalizana kunaweza kuisha muda wake.)

Sasa, kwa nini kazi hii iende kwa mtafiti wa baada ya uzamivu? Huyu ni mtu aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, anaajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja hadi mitatu hivi, bila kuwa mwanafunzi wala mhadhiri wa kudumu. Swali la kujalizana liko katikati ya sayansi ya kompyuta na saikolojia, na shahada moja mara nyingi humpa mtu upande mmoja tu. Aliyesomea kompyuta ataifundisha programu kutambua kesi isiyoiweza na kumwachia binadamu. Lazima pia ajifunze kuendesha majaribio na watu halisi, wanaochoka, wanaoamini kupita kiasi au wanaoikataa mashine kwa kiburi.

Halafu kuna mahali ambapo mwenza wa kujalizwa hayupo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu zisome eksirei za kifua badala ya mtu katika kuchuja wagonjwa wa kifua kikuu wenye miaka 15 na zaidi. Kwenye zahanati isiyo na daktari wa radiolojia, mashine haina wa kujalizana naye katika kusoma picha. Wenzake wako hatua inayofuata: mtaalamu wa maabara anayepima makohozi, na mhudumu anayeamua nani apelekwe kupimwa kwanza.